Kinu Kikigeuzwa Keja, Unga Unaenda Wapi?

Wahenga walisema kutwanga maji kwenye kinu ni kazi bure. Sawa, hatubishani na wazee. Lakini kuna kinu ambacho maji hayatwangwi, maji ndiyo yanafanya kazi yote. Kinaitwa kinu cha maji. Mto unasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha jiwe, jiwe linasaga nafaka, watu wanakula. Ulaya vilikuwa vimejaa. Uingereza pekee, ile hesabu kubwa ya mali ya mwaka wa 1086, iliyoagizwa na mfalme, iliandika karibu vinu 6,000. Hiyo ni kabla ya injini, kabla ya stima, kabla ya kila kitu unachotegemea leo ndio ugali ufike mezani.

Siku hizi, vingi kati ya vilivyobaki havisagi hata kikombe kimoja cha unga. Ni keja. Na si keja ya kawaida, ni keja ya watu wenye pesa. Umeona zile video: mlango mzito wa mbao, boriti nzee kwenye dari, gurudumu limesimama nje limeota majani, mwenye nyumba ameshika kikombe cha kahawa akiangalia bata wakipita. Huko kwa komenti kila mtu anasema hiyo ndiyo nyumba ya ndoto zake. Mimi pia nimeangalia hizo video hadi saa nane usiku, si uongo.

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio usome ukijua nakupeleka wapi. Kugeuza kinu kuwa nyumba ni jambo poa. Lakini ukikigeuza halafu ukificha kwamba watu waliwahi kutoka jasho hapo, ama ukiifanya kazi yao iwe pambo la ukutani, hapo ndio tunakosana. Nyumba iliyokuwa mahali pa kazi inafaa iendelee kuonyesha kazi.

Najua kuna mtu atauliza nimesomea wapi. Mimi si msanifu majengo. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea hiyo kozi. Lakini kinu cha maji ni jengo ambalo halihitaji digrii kulisoma, kwa sababu kila kitu ndani yake kina sababu. Twende polepole.

Anza na maji. Kinu hakijawekwa tu kando ya mto kwa bahati. Kule juu kuna kizuizi kinachoinua maji. Kutoka hapo kuna mfereji, mara nyingi umechimbwa kwa jembe na mikono ya watu, unaoleta maji mpaka kwa kinu. Karibu na ukuta kuna lango la mbao. Ukilifungua, kinu kinaamka. Ukilifunga, kinalala. Maji yakishagonga gurudumu yanashika mfereji mwingine na kurudi mtoni. Kwa hivyo nusu ya kinu iko nje, kwa udongo. Mtu anayenunua jengo na kufukia mfereji amenunua nusu ya kitu.

Halafu gurudumu. Kama eneo lina mteremko, maji yanamwagwa kutoka juu na uzito wake ndio unalizungusha. Kama mto ni tambarare, maji yanapita chini na kusukuma mbao zake. Yaani ukiangalia gurudumu peke yake, unajua hiyo nchi imelala vipi.

Sasa ingia ndani. Kinu cha kawaida cha Ulaya kina ghorofa tatu hivi. Chini ndiko kuna gia kubwa zinazopokea nguvu kutoka kwa gurudumu. Katikati ndiko kuna mawe. Yako mawili mawili: la chini limetulia, la juu linazunguka, na likiwa kazini linaweza kupita mizunguko 100 kwa dakika. Jiwe moja kubwa linaweza kufika tani nzima. Ndiyo maana boriti za kinu ni nene hivyo. Hazikuwekwa zikupendezee kwa picha, ziliwekwa ndio jiwe lisiangukie mtu kichwani.

Juu kabisa, chini ya paa, ndiko nafaka iliwekwa. Mbona juu, na magunia ni mazito? Kwa sababu gunia likishapanda mara moja, kazi iliyobaki haina mbio. Nafaka inateremka yenyewe hadi kwa mawe, unga unateremka wenyewe hadi kwa gunia lililofunguliwa chini. Na huko juu gunia linapandishwa na nani? Mto tena. Kamba inafungwa kwa mtambo uleule, inapita kwenye mlango mdogo ulio kwenye sakafu. Gunia likipanda linausukuma mlango unafunguka, likishapita unajifunga nyuma yake. Hiyo ni lifti, wasee, bila stima, karne nyingi kabla ya lifti za jijini.

Hata mawe yana hadithi. Yaliyosifika zaidi Ulaya yalitoka Ufaransa, mji wa La Ferté-sous-Jouarre kando ya mto Marne. Yalisafirishwa mpaka Marekani. Vipande viliunganishwa kwa plasta na kufungwa na pete za chuma. Halafu uso wa jiwe ulichongwa mistari, na mistari ikiisha makali fundi analipindua jiwe na kukaa chini kugonga kwa nyundo upya, mstari kwa mstari. Vumbi ya jiwe na chuma inamrukia mikononi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Kwa hivyo kinu cha maji ni mashine iliyovalishwa kuta. Hiyo shika, kwa sababu ndiyo inafanya kukigeuza kuwa nyumba kuwe kugumu.

Vilikufa vipi? Kuanzia miaka ya 1870 viwanda vikubwa vyenye rola za chuma vilianza kusaga unga mwingi, mweupe, kwa bei ya chini, karibu na bandari na reli. Kinu cha kijijini hakingeshindana. Vingine vilibaki kusaga chakula cha mifugo, halafu navyo vikanyamaza.

Hapa ndipo nataka kuwatetea wanaohamia ndani. Kuna watu watakuambia jengo la kihistoria liachwe vile lilivyo, lisiguswe. Inasikika vizuri, lakini nani analipa? Jengo tupu kando ya maji halidumu. Paa likivuja kidogo, boriti zinaoza. Mfereji ukiziba, maji yanatafuta njia yake, na njia yake inaweza kuwa sebuleni. Huwezi kufanya kila kinu kuwa makumbusho. Mtu akiwasha moto jikoni na kuziba paa kila mwaka, ameliokoa jengo kuliko mtu anayelilia mtandaoni. Hapo sina ubishi.

Shida inaanza baada ya kuhamia. Wacha nikupe mfano wa kinu kimoja ambacho mwenyewe alikuwa mtu mkubwa sana.

Kuna jamaa aliitwa Edward. Mwaka wa 1936 alikuwa mfalme wa Uingereza, maana yake alikuwa pia mfalme wa hii Kenya ya wakati huo, bila sisi kuulizwa. Kabla mwaka haujaisha aliacha kiti ndio amuoe Wallis Simpson, mwanamke Mmarekani. Wakapewa jina la Duke na Duchess wa Windsor na wakaishi sana Ufaransa. Mwaka wa 1952 walinunua kinu cha maji cha karne ya 18 kinachoitwa Moulin de la Tuilerie, huko Gif-sur-Yvette, kusini magharibi mwa Paris. Aliyewauzia alikuwa mchoraji, Étienne Drian. Nyumba yao ya mjini Paris ilikuwa ya kupanga. Hiki kinu ndicho kilikuwa chao kabisa, cha kununua.

Fikiria hiyo kidogo. Mtu aliyezaliwa kurithi majumba ya kifalme, nyumba anayokuja kununua na mke wake ni mahali ambapo wakulima walikuwa wakileta magunia. Kuna kitu kizuri hapo, sitadanganya.

Na kusema haki, majengo yenyewe waliyaweka vizuri. Kinu kikawa nyumba kuu. Ghala likawa sebule kubwa ya Duke, amejaza kumbukumbu zake, na ukutani kukachorwa ramani ya dunia inayoonyesha safari alizofanya akiwa mwana wa mfalme. Vibanda vingine vikawa vyumba vya wageni. Bustani alisaidiwa na Russell Page, mmoja wa mafundi wakubwa wa bustani wa wakati wake, na Duke mwenyewe alishinda humo akipanda. Mapambo ya ndani, hapo si kila mtu alifurahi. Cecil Beaton, yule mpiga picha aliyewapiga picha za harusi yao mwaka wa 1937, aliona mambo yamezidi, mbwembwe tupu.

Lakini kitu kilichonigusa mimi kiko ukutani. Ndani ya hiyo nyumba kulichorwa gurudumu la kinu, na hapo pakaandikwa mzaha wa Kiingereza, eti mimi si binti wa mwenye kinu, lakini nimepitia kinuni. Kwa Kiingereza, kupitia kinuni ni kuteseka. Kwetu tungesema dunia imenisaga. Mzaha mzuri, nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu angalia kilichofanyika. Watu halisi walifanya kazi humo. Kulikuwa na mwenye kinu, na labda alikuwa na binti kweli. Walikuwa wanaamka kufungua lango la maji, wanapumua vumbi ya unga, wanachonga mawe. Sasa kazi yao imekuwa mchoro, na binti yao amekuwa utani wa wageni waliokuja kunywa kinywaji jioni. Ukitafuta hiyo nyumba leo, itaitwa nyumba ya Duke na Duchess. Duke alifariki mwaka wa 1972 na Duchess akaiuza. Baadaye shirika la Uingereza la Landmark Trust, lililoanzishwa mwaka wa 1965 kuokoa majengo ya zamani kwa kuyapangisha, liliwahi kuipangisha kwa watu wa likizo. Na wageni walikuja kwa ajili ya nani? Miaka 20 ya mtu mashuhuri imemeza karne mbili za unga.

Sisemi Duke angekaa hapo akisaga ngano. Nasema jengo lilikuwa na mengi ya kusema, na mwenyewe akaliambia linyamaze ndio yeye aongee.

Sasa linganisha na kinu kingine. Kiko Winchester, Uingereza, juu ya mto Itchen, kilijengwa upya miaka ya 1740. Nacho kiliacha kusaga. Tangu mwaka wa 1931 kilikuwa hosteli ya vijana. Yaani vijana kama sisi, wenye begi mgongoni na pesa ya kuhesabu, walikuwa wanalala ndani ya kinu na mto unapita chini ya sakafu. Lakini nafasi ya gurudumu haikujazwa saruji, na mto haukufungiwa nje. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2004, miaka zaidi ya 70 tangu vijana waanze kulala hapo, kinu kilianza kusaga unga tena. Jengo lilipewa kazi mpya bila kunyang'anywa ile ya kwanza. Hiyo ndiyo tofauti ninayosema.

Ukiniuliza kugeuza vizuri kunakaa vipi, nitakujibu hivi. Mlango wa magunia kwenye sakafu, weka kioo juu yake kama unaogopa mtoto kuanguka, lakini usiuzibe. Mawe yabaki kwa ghorofa yao, yasiburutwe nje kuwa meza ya bustani. Gia zibaki hata kama zinakula nafasi ya jikoni. Dirisha dogo libaki dogo mahali kuna sababu. Mfereji uendelee kusafishwa, kwa sababu maji yana kumbukumbu kuliko mwanasheria wako. Utapoteza nafasi ya kitanda kimoja ama viwili, ndio. Kama unataka nyumba isiyokusumbua, jenga mpya.

Na sasa najua unafikiria: hizi ni shida za wazungu, sisi zinatuhusu nini? Zinatuhusu. Yule Edward, kabla awe mfalme, alikuja Kenya mwaka wa 1928 na akarudi 1930, kuwinda. Hizo safari zimeandikwa vitabuni, zina picha, zina majina ya waliomwongoza. Miaka hiyohiyo, ya 1920 na 1930, Waafrika wa Kati na Magharibi walikuwa wanajenga vinu vyao vya maji kando ya mito yetu, kusaga mahindi. Wengine walichanga pesa pamoja. Ilikuwa moja ya biashara za kwanza za mitambo ambazo Mwafrika alimiliki hapa, wakati sheria nyingi zilikuwa zimepangwa asimiliki kitu. Na kila gunia lililosagwa na mto lilikuwa gunia ambalo mama fulani hakulisaga kwa jiwe akiwa amepiga magoti.

Niambie, ni wangapi kati yetu tuliwahi kusikia hiyo? Tunajua mfalme alikuja kupiga simba. Hatujui nani alichimba mfereji. Injini ya dizeli ilikuja, halafu stima, kisiagi kikahamia sokoni, na vile vinu vya mtoni vikaachwa. Pengine karibu na ushago wenu kuna msingi wa mawe umefunikwa na nyasi na kila mtu anapita tu.

Si ati hatujui kugeuza majengo. Tunajua. Pale Archives, mahali kila mtu wa Nairobi amewahi kumngojea mtu aliyechelewa, palikuwa benki kabla ya kuwa hifadhi ya nyaraka. Na kuna Kipande House, Kenyatta Avenue. Ilijengwa mwaka wa 1913, na ni hapo Waafrika walikuwa wakiandikishwa na kupewa kipande, kile kitambulisho mwanaume alilazimishwa kubeba wakati wa mkoloni. Leo ni benki. Watu wanaingia kutoa pesa na kutoka. Lakini jina halikubadilishwa. Bado lipo, na mtoto akimuuliza mzazi wake kipande ni nini, hadithi yote inatoka. Neno moja tu limebeba kazi chungu iliyofanyika ndani. Hata kama hauna pesa ya kuhifadhi mashine, unaweza kuhifadhi jina.

Hapa ndio naona kizazi chetu kina kazi. Pesa inaanza kuingia kwa majengo ya zamani. Nyumba za reli, maghala ya kahawa, viwanda vilivyofungwa, yote yanaanza kuwa mikahawa, studio na Airbnb. Na sisi ndio tunapiga picha. Sisi ndio tunaandika maneno chini ya picha. Tukisema tu "mahali pa kupoa," tumechora lile gurudumu ukutani kama Duke. Tukisema "hapa watu walipanga kahawa kutoka asubuhi hadi jioni," tumelifungua lango la maji kidogo.

Kuna mtu atasema ninajali sana majengo. Pengine. Ukiacha chuo, watu huanza kukuzungumzia kana kwamba ile miaka miwili haikuwahi kuwa. Ama wanaigeuza mzaha wa kuanzishia stori. Mimi nafanya kazi nyingine sasa na sitaki kurudi, lakini nilichosoma huko bado kinabeba uzito, kama zile boriti. Sidai nirudishwe nilikotoka. Nadai tu nisifutwe. Nadhani jengo lingeongea, lingesema hivyo pia.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda ushago, ama ukipita jengo la zamani mtaani, muulize mzee mmoja swali moja: hapa palikuwa pakifanywa nini, na ni nani waliokuwa wakifanya? Usitosheke na jina la tajiri aliyenunua. Uliza jina la aliyefungua lango asubuhi. Ukilipata, liandike kwa komenti hapo chini, na jina la mto kama ni kinu. Nitayasoma yote.